Mpiga Mkwaju na Mshikaji Wake

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, na nililiona la kipuuzi. Bwana Meneja wa shamba la chai kule Mufindi, Mzungu, alinitazama kuanzia viatuni kupanda juu, akarudi tena viatuni, akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Wewe napiga na mguu gani?" Nilikuwa nimetoka Ilula na cheti changu cha shule ndani ya mfuko wa nailoni, nimejiandaa kuulizwa hesabu. Nikamjibu, "Wa kulia, bwana." Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniambia nikachukue koti la mvua stoo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya karani wa mizani.

Karani wa mizani ni yule anayekaa kwenye banda kando ya barabara ya shamba. Wachumaji wanakuja na vikapu mgongoni, yeye anapima majani na kuandika kilo za kila mmoja. Kazi hiyo niliifanya, na niliifanya vizuri, lakini siyo iliyoniajiri. Mwalimu wangu wa shule alikuwa amemwambia nyapara mmoja kwamba Ilula kuna kijana anayepiga mpira kutoka goli hili ukaangukia goli lile. Nyapara akamfikishia Meneja, na Meneja alikuwa na ugonjwa wa raga.

Raga niieleze, maana najua wengi wenu hamjawahi kuiona. Mpira wake una umbo la yai. Wachezaji kumi na watano kila upande wanaubeba mikononi, wanakimbia nao, wanaangushana matopeni, na kwa mtu aliyezoea soka inaonekana kama ugomvi wa sokoni wenye refa. Goli lake ni milingoti miwili mirefu iliyounganishwa na mtambaa wa panya, na pointi za mguu zinapatikana mpira ukipita juu ya mtambaa huo, katikati ya milingoti. Upande mmoja ukifanya kosa, mwingine unapewa mkwaju. Mpira unatengwa chini, mchezo wote unasimama. Watu ishirini na tisa wanashika viuno wakihema, wanamtazama mtu mmoja. Mtu huyo, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, alikuwa mimi.

Kapteni wa timu alikuwa mkuu wa kiwanda, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye mabega yaliyojaza mlango. Jioni ile ile ya kwanza alinipeleka uwanjani, akanionyesha mahali pangu, nyuma kabisa.

"Kijana, wewe usikimbie," aliniambia. "Kukimbia tuachie sisi. Ukiniumizia huo mguu, nitakurudisha Ilula ukauzwe pamoja na nyanya za kwenu."

Nilicheka, lakini hakuwa anatania. Wenzangu walikuwa wanatoka uwanjani wamepasuka midomo, nguo hazitambuliki rangi, wanashikana mabega na kusimuliana nani alimwangusha nani. Mimi nilitoka na jezi safi kama ilivyotoka kabatini. Wakanipa jina la Bwana Harusi. Nilipokaa nao bombani wakijiosha, sikuwa na la kuosha wala la kusimulia. Mkwaju ukiingia, walisema timu imeshinda. Ukikosa, walisema Bwana Harusi kakosa. Sikuwalaumu, lakini mtu ukiwa na miaka kumi na tisa, jambo hilo linauma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito mara mbili. Kwanza unachimba kishimo kwa kisigino, unasimamisha mpira, mshono mmoja ukiangalia goli ili ukuonyeshe njia. Unang'oa majani kidogo, unayaachia, unaona upepo unayapeleka wapi. Unarudi hatua nne nyuma, mbili kushoto. Halafu unachagua alama moja kwenye ngozi ya mpira, doa au mkwaruzo, na kuanzia hapo huangalii kitu kingine duniani. Kapteni alikuwa anasimama nyuma yangu na fimbo. "Kichwa chini! Goli halihami, litakungoja!" Kila jioni baada ya mizani nilipiga mikwaju arobaini, mvua inyeshe isinyeshe. Nilipiga hadi kucha ya kidole gumba ikang'oka, ikaota, ikang'oka tena.

Kilichotushinda kilikuwa upepo. Mufindi iko ukingoni mwa milima, na upepo unaopanda kutoka bondeni haupulizi kwa adabu. Unatenga mpira, unarudi hatua zako, ukigeuka mpira umelala. Unarudi kuusimamisha, refa anaangalia saa, watu wanapiga miluzi. Sheria za raga zinaruhusu mchezaji mwenzako alale kifudifudi mbele ya mpira na kuushikilia kwa kidole wakati unapiga. Huyo sisi tulimwita mshikaji. Leo vijana mkisema mshikaji mnamaanisha rafiki, na hapa Ipogolo ninapoishi wakiniuliza, "Mzee, enzi zako mshikaji wako alikuwa nani?" wanashangaa nikianza kuwaeleza habari za upepo.

Mshikaji wangu alikuwa Nassoro, fundi cherehani wa shamba. Alishona aproni za wachumaji na kutia viraka magunia. Kwao ni Mbeya mjini, watu wenye asili ya pwani, na baba yake alikuwa na duka la nguo lenye sifa ya kofia za mkono, zile zinazotobolewa na kudariziwa tundu moja moja kwa miezi. Nassoro alikuja Mufindi kutafuta mtaji kidogo tu, kisha arudi akae kwenye kiti cha baba yake. Alikuwa mwembamba, na Kapteni alimchezesha pembeni kabisa, mahali ambapo mpira haufiki. Lakini vidole vyake havikutetemeka hata kwenye baridi ya Juni.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Nassoro analala chini, mkono wa kulia unaweka mpira kwenye kishimo na kuunyoosha, kidole cha kushoto kinaugusa kwa juu. Mkono wa kulia ukishaondoka na mpira umetulia, anasema, "Haya." Mimi sitii mguu mbele kabla ya kusikia haya. Kwa miaka minne neno hilo lilikuwa mali yetu wawili. Niliisikia sauti hiyo hata nilipokuwa napima majani.

Nilimpenda yule mtu, na sioni sababu ya kuzunguka. Wote walienda bombani na makovu yao, sisi wawili tukabaki na mikwaju yetu arobaini, mmoja amelala kwenye majani, mwingine anahesabu hatua. Alizungumza bila kuinua kichwa. Alinisimulia jinsi mama yake anavyopika, akanitania kuhusu hasira zetu Wahehe, akasema nikikosa goli nitamla yeye. Mwezi wa Ramadhani alishika mpira na njaa yake, nami nilikataa kwenda kula hadi jua lizame, tukala pamoja uji na viazi chumbani kwake. Sijapata tena kukaa na mtu namna ile, hata nyumbani kwangu, na marehemu mke wangu Tabitha alilijua hilo, akanisamehe.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Tulikuwa na mechi na timu ya wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, watu wa migodini, wakubwa wa miili. Wakurugenzi wa kampuni walikuja, wakakaa kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Kabla ya mchezo Bwana Meneja alikuja mpaka kwenye mstari, akaniambia, "Elia, leo wakubwa naangalia wewe. Mbeya nataka karani mkuu wa ghala. Umesikia?" Nilisikia. Karani mkuu alikuwa na nyumba ya bati yenye vyumba vitatu, na mimi nilikuwa namchumbia Tabitha, ambaye baba yake aliniuliza kila Krismasi nitamweka wapi binti yake.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, tukapewa mkwaju. Mbali, na pembeni. Ungeingia, tungepata tatu. Upepo ulikuwa unavuma kwa vipindi, unapiga, unanyamaza, unapiga. Nassoro akalala, akausimamisha mpira. Nikarudi hatua zangu. Nikachagua doa langu. Nikaona majani yameacha kutikisika, upepo umekata, na nilijua utarudi punde tu. Wakati huo huo mpira ukainama kidogo, kishimo kilikuwa na tope. Nassoro akarudisha mkono wa kulia chini ya mpira, akasema, "Basi!"

Nyote mnajua neno basi. Linaweza kuwa acha, tosha, simama. Linaweza pia kuwa haya, sawa, twende zetu. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba mimi, Mhehe niliyejifunza Kiswahili shuleni, nililisikia la pili. Nilimwambia Meneja hivyo jioni ile, nikamwambia Kapteni, nikamwambia mchungaji, na Tabitha nilimwambia mara mbili. Si kweli. Nililielewa vizuri. Nilijua mkono wake uko chini. Nilijua ananisimamisha. Nikautazama mpira, nikafikiria upepo na nyumba ya bati, nikapiga.

Mpira uligonga mlingoti wa kushoto kwa ndani, ukapita. Kipenga kikalia. Watu waliokuwa wananiita Bwana Harusi wakanibeba mabegani, matope yao yakanijaa jezi nzima, na ndiyo siku pekee niliyotoka uwanjani mchafu kama wao. Kutoka juu ya mabega nilimwona Nassoro amekaa kwenye majani, mkono wa kulia ameubana kwapani, anatikisika mbele na nyuma. Mtu mmoja tu alikuwa amechuchumaa karibu naye, dereva wa Land Rover. Ningeweza kusema nishusheni. Sikusema.

Jioni palikuwa na ng'ombe na ulanzi, pombe ya mianzi, wa kutosha. Meneja akaniita pembeni, akauliza ilikuwaje.

"Alisema basi, bwana. Nikadhani amekuwa tayari."

"Basi, twende. Si ndiyo?" akasema, akacheka, akanipiga begani. Kwenye taarifa yake akaandika kwamba mshikaji hakutumia neno walilokubaliana. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomwondoa Nassoro kazini. Hospitali ya misheni walimkata kidole cha shahada juu kidogo ya shina, na cha kati kikabaki kigumu. Mtu hadarizi kofia kwa mkono wa namna hiyo.

Nilimpelekea kuku kwa mkono wa nyapara. Mwenyewe sikwenda. Wiki chache baadaye alikuja kuchukua sanduku lake. Nilikuwa uwanjani peke yangu, nikaona lori limesimama barabarani na Nassoro yuko nyuma yake. Aliinua mkono wenye bandeji. Mimi nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu, nikazifunga na kuzifungua mpaka lori likaondoka. Hadi leo nikifunga kamba za viatu naona haya.

Cheo nilikipata. Nilihamishiwa Mbeya, ghala la kampuni, karani mkuu, chini ya Bwana Ghala, Msafwa mmoja mpole aliyekunywa chai ya maziwa tangu asubuhi mpaka kufunga. Na hapo Mbeya ndipo jina langu lilipokua. Mji uko juu, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. Nilichezea timu ya mji miaka tisa. Kocha wetu wa Mbeya, mwalimu wa michezo mwenye kipenga shingoni hata kanisani, alitaka kunipa mshikaji mpya. Aliniletea watatu. Wa kwanza alifumba macho. Wa pili alitetemeka. Wa tatu hakuwa na kosa lolote, na nilipomwona amelala pale na kidole juu ya mpira, mguu wangu ulikataa.

"Una shida gani, Elia?" Kocha aliniuliza.

"Nitapiga mwenyewe, mwalimu."

"Na upepo?"

"Nitauzoea."

Niliuzoea. Nilijifunza kujenga kichuguu cha udongo mzito badala ya kishimo, nikatembea na udongo wangu kwenye kopo la maziwa. Ni kazi ya kujifunza kwa miaka: udongo wa mfinyanzi kiasi, mchanga kiasi, mate kidogo. Watu walikuja uwanjani kuangalia kopo. Walisema Elia hana haja na mtu. Timu za ng'ambo ya Tunduma zilijua kwamba ukifanya kosa ndani ya nusu yako, umekwisha. Kwa watu wa mchezo ule nilikuwa mkubwa, sitajifanya mnyenyekevu. Lakini niwaambie mlio vijana, nilipiga mikwaju mingi sana iliyoingia, na sikumbuki hata mmoja ambao baada yake nilimgeukia mtu kumwambia, "Umeona?"

Duka la baba yake Nassoro lilikuwa hapo hapo Mbeya. Kutoka uwanjani ni mwendo wa dakika kumi, ukishuka kwenye barabara ya soko na kukata kushoto. Kwa miaka tisa sikukata kushoto. Nilipita nyuma, kwenye gereji, njia ndefu yenye matope, na Tabitha alipotaka vitambaa nilimwambia Iringa vina bei nzuri. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda msimu ukiisha. Nilishajiandalia maneno. Lakini kadiri sifa zangu zilivyozidi, ndivyo maneno yale yalivyozidi kuwa magumu, maana sasa yangeanguka juu ya jina kubwa zaidi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Iringa, ofisi ya mauzo, chini ya Mhasibu Mkuu, mama mmoja wa Kibena asiyependa mzaha. Miguu ilikuwa imechoka, nikawa nafundisha vijana jioni. Kisha mashamba yakauzwa, wakubwa wapya hawakuwa na habari na raga, milingoti ya Mufindi ikang'olewa na uwanja ukapandwa chai. Mama Mhasibu ndiye aliyenipa barua ya kustaafu. Aliangalia faili langu, akasema, "Hapa imeandikwa uliajiriwa kwa mguu wa kulia. Hii ni nini?" Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye umbo la mpira, simu yake iliita, akaipokea, nikatoka.

Nimejenga Ipogolo, chini ya mji, karibu na barabara kuu. Tabitha alifariki mwaka wa pili wa kustaafu kwangu. Watoto wako Dar es Salaam na Dodoma, wanapiga simu Jumapili. Asubuhi nawasalimu majirani, "Kamwene," wananijibu, tumemaliza. Namsikia kila dereva wa lori akibadilisha gia. Ukistaafu kazi ya ofisini, unakutana na wastaafu wenzako mnaikumbuka ofisi. Mimi sina wa kukumbuka naye. Mtu aliyefanya kazi yangu katika nyanda hizi nilikuwa peke yangu, na hilo nililolionea fahari miaka yote ndilo linalonikalisha kimya kibarazani.

Pasaka iliyopita mjukuu wangu Neema, mwalimu wa sekondari, alikuja kunitembelea na simu yake. "Babu, njoo uone, kuna mtu Marekani alikuwa anafanya kama wewe." Kumbe mpira wao wa Kimarekani nao ni wa yai, na wana mtu ambaye kazi yake ni mkwaju tu, hafanyi kingine. Huyo aliyekuwa kwenye simu alikuwa amestaafu baada ya misimu mingi, na walikuwa wamekusanya mikwaju yake yote mikubwa. Anakaa pembeni peke yake. Wanamwita, anaingia, anapiga, anatoka. Jezi safi! Nilicheka mpaka Neema akaogopa. Alirudi hatua kama mimi, aliangalia chini kama mimi. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Halafu nikaona kwamba mbele yake kila mara kuna mtu amepiga goti, anadaka mpira uliorushwa, anausimamisha, anaugusa kwa kidole.

"Neema, huyu anaitwa nani?"

"Huyo mpigaji? Jina lake hilo hapo chini, babu."

"Huyu aliyeshika."

Akasogeza simu karibu na macho. "Aa, huyo hawajaandika."

Mkwaju baada ya mkwaju, misimu na misimu, jina moja tu, la mpigaji. Nilimwambia azime. Akadhani macho yamechoka.

Kesho yake nilimwomba anitafutie namba ya lile duka la Mbeya. Lipo bado, ni la mpwa wake Nassoro. Nilipompigia, nilimwuliza kama mjomba wake yu hai. "Yupo, mzee, yuko Madibira. Analima mpunga miaka mingi. Nikupe namba?" Nikasema hapana, nitakwenda mwenyewe. Niliogopa kwamba kwenye simu ningefunga tena kamba za viatu.

Nilipanda basi mpaka Mafinga, kutoka hapo nikashuka bondeni, baridi ikabaki juu na mimi nikavua sweta. Madibira ni mifereji na majaruba, mpunga kila unapoangalia. Nilielekezwa nyumba. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti, anashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, kwa mkono wa kushoto. Ndevu nyeupe. Mwembamba vile vile.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Elia. Wa mizani."

Sindano ikasimama. "Bwana Harusi," akasema. "Umezeeka vibaya." Akamwita mkewe alete kiti.

Tulikula wali na samaki wa mferejini. Aliniuliza habari za Tabitha, nikamwambia, akanipa pole kwa heshima. Aliniuliza kuhusu Kapteni, naye amefariki. Akaenda kuswali Alasiri, nikabaki na maneno yangu ya miaka yote. Aliporudi niliyasema kabla hajakaa, maana nilijijua.

"Nassoro, siku ile ulisema basi."

"Nilisema."

"Nililielewa. Nilijua unanisimamisha. Wote niliwadanganya. Nilijua, nikapiga."

Akakaa polepole, akaweka mkono wa kulia juu ya goti, kile kipande cha kidole kikiwa wazi. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale pale. Mimi nilikuwa chini, Elia. Nilikuwa naviona viatu vyako. Niliposema basi, vilibaki vimesimama. Halafu ndiyo vikaja."

Nililia, mtu mzima, kwenye baraza la watu. Mkewe alitoka, akatuona, akarudi ndani.

"Usilie," Nassoro aliniambia. "Nilikusamehe kabla hawajanitoa bandeji. Ulikuwa kijana, wakubwa wamekaa pale kwenye viti. Ningekuwa mimi sijui ningefanyaje. Nikarudi Mbeya, nikamwambia mama, huyu mtu atakuja. Mama akawa anapika Iddi anaweka sahani yako. Halafu tukasikia umehamia mjini. Nikasema, basi, sasa atakuja. Jumamosi tulikuwa tunasikia kelele za uwanjani, baba anasema rafiki yako kapiga. Miaka tisa, Elia. Sahani mama aliiondoa mwaka wa sita. Kusamehe hakukunishinda. Kilichonishinda ni kungoja."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa ukali.

Vijana mnaosoma haya, nilitaka kuwaandikia jinsi ya kutenga mpira, kusoma upepo na kuweka kichwa chini, na yote hayo nimeyaandika kwa uaminifu kwa sababu ni ufundi na ufundi usipotee. Lakini nilikuwa na miguu miwili mizuri ambayo watu walisafiri kuja kuiona, na kwa dakika kumi za kutembea ilinishinda. Mchukue ufundi. Hilo jingine msilichukue.

Jua lilipopungua Nassoro alinisindikiza hadi barabarani, tukisimama kila penye mfereji apumzike. Gari lilipokuja nilimwuliza kama naweza kuja tena. Akafikiri kwanza, dereva akapiga honi.

"Njoo," akasema. "Ila usiniambie siku."